Pia, uzi na mpira: Sayansi ya msokoto kutoka Misri ya kale hadi uwanja wa kriketi

NENO pia lina maana kadhaa katika Kiswahili. Mbali na ile ya 'vilevile', ambayo kila mzungumzaji anaifahamu, pia ni kitu cha mbao chenye ncha ambacho watoto hukizungusha chini kwa kamba au kwa vidole. Aidha, ni jina la kijiti ambacho hutumiwa kusokotea pamba, kitani au sufu hadi ikawa uzi. Si ajabu kwamba vitu hivi viwili vilipewa jina moja. Vyote viwili hupokea mzunguko kutoka kwa vidole vya binadamu, kisha vikaachiliwa viendelee vyenyewe.

Tendo hilo hilo ndilo msingi wa stadi moja inayostahiwa sana katika mchezo wa kriketi, nayo ni kurusha mpira wa msokoto. Mrushaji wa aina hii hategemei kasi wala misuli ya bega. Hutegemea vidole na kifundo cha mkono, ambavyo huupa mpira mzunguko mkali kabla ya kuuachilia. Makala hii inaeleza jinsi msokoto unavyofanya kazi katika fani hizi mbili, ya uzi na ya mpira, na kwa nini stadi zote mbili zimo hatarini kupotea pale zisipofundishwa.

Kanuni za mzunguko

Kitu kilichokwisha kuanza kuzunguka huendelea kuzunguka hadi pale kani nyingine itakapokizuia. Kani hiyo huweza kuwa msuguano wa hewa, wa ardhi au wa uzi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza.

Kanuni ya pili ni kwamba kitu kinachozunguka hushikilia mhimili wake, yaani ule mstari wa kati ambao kinauzunguka. Ndiyo sababu pia ya mtoto husimama wima juu ya ncha yake maadamu inakwenda kwa kasi, na huyumba na hatimaye kuanguka kasi hiyo inapopungua.

Ya tatu inahusu uzito na mahali ulipo. Uzito ukiwa mbali na mhimili, kitu huwa kigumu kuanza kuzunguka, lakini kikishaanza huchukua muda mrefu kusimama. Uzito ukiwa karibu na mhimili, kitu huzunguka kwa wepesi na kwa kasi, ila huchoka upesi. Msokotaji wa uzi hulijua jambo hili hata kama hajawahi kuingia katika darasa la fizikia. Anapotaka uzi mnene wa sufu, huchagua pia yenye kisahani kizito na kipana. Anapotaka uzi mwembamba wa pamba, huchagua kisahani kidogo na chepesi, kwa kuwa kizito kingeukata uzi huo kabla haujakamilika.

Mabakuli yenye vishikio ndani

Katika magofu ya Misri ya kale, wanaakiolojia wamefukua mabakuli ya udongo na ya mawe yenye umbo lisilo la kawaida. Bakuli tulilolizoea huwa na vishikio upande wa nje ili libebwe. Mabakuli haya yana vishikio ndani, vilivyounganishwa na kitako mfano wa daraja dogo au pete iliyozikwa nusu. Baadhi yana kishikio kimoja, mengine viwili au zaidi.

Mabakuli ya namna hii yamepatikana Amarna, mji uliojengwa na Farao Akhenaten katika karne ya 14 kabla ya Kristo, na vilevile Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme karibu na Thebes. Mengine yamepatikana katika nchi za Palestina na Israel za leo, na katika kisiwa cha Crete nchini Ugiriki.

Ni dhahiri kuwa hayakuwa mabakuli ya chakula. Mpishi hawezi kusonga wala kukoroga kitu ndani yake bila mwiko kukwama. Jibu la fumbo hili limo katika vishikio vyenyewe. Upande wa chini wa vishikio vingi mna mifereji myembamba iliyochimbwa na kitu laini kilichopita hapo mara nyingi sana. Kitu hicho ni uzi. Ushahidi mwingine umo katika michoro ya makaburini, mathalani ile ya Beni Hasan yenye umri wa takriban miaka 4,000, ambayo inaonyesha wanawake wakisokota kitani. Mnamo 1963, mwanaakiolojia wa Israel, Trude Dothan, alichapisha utafiti ulioyakusanya pamoja mabakuli ya Misri na ya mashariki mwa Mediterania na kueleza kazi yake. Tangu hapo yamejulikana kama mabakuli ya kusokotea.

Kazi yenyewe ilianza shambani. Mmea wa kitani uling'olewa, ukalowekwa na kupondwa ili nyuzi zake zitengane na sehemu ngumu ya shina. Nyuzi hizo ziliunganishwa ncha kwa ncha kwa vidole vyenye maji, kisha zikavingirishwa kuwa donge. Donge lilitiwa ndani ya bakuli, uzi ukapitishwa chini ya kishikio, halafu ukapandishwa juu hadi kwenye pia iliyokuwa mkononi mwa msokotaji.

Hapo bakuli lilitekeleza majukumu matatu kwa wakati mmoja. Kwanza, lilizuia donge lisirukeruke na kubiringika sakafuni. Pili, maji yaliyotiwa ndani yake yaliulowesha uzi. Kitani kina gundi ya asili ambayo hulainika kwa maji, na hivyo nyuzi hulaliana vizuri na kushikana. Isitoshe, kitani kilicholowa huwa na nguvu kuliko kilicho kikavu. Tatu, msuguano wa uzi na kishikio uliukaza uzi kwa kiwango kile kile muda wote wa kazi.

Jukumu hili la tatu ndilo lililohitaji werevu mkubwa zaidi. Uzi usiokazwa hujikunja na kufanya mafundo. Uliokazwa kupita kiasi hukatika. Mkono wa binadamu huchoka na kubadilika kadiri saa zinavyosonga, ilhali kishikio cha udongo hakichoki. Kwa kuukabidhi msuguano kazi ya kukaza, msokotaji alibaki na mikono huru ya kuzungusha pia. Michoro ya makaburini inamwonyesha mwanamke mmoja akiendesha pia mbili kwa pamoja.

Pia ya Kimisri ilikuwa na kisahani chake karibu na ncha ya juu. Msokotaji aliivingirisha juu ya paja kwa kiganja, kisha akaiachilia ining'inie na kuzunguka hewani. Wamisri walizoea kusokota kitani kuelekea upande mmoja tu. Mmea huo una tabia ya kujisokota wenyewe unapokauka, na upande waliouchagua mafundi ndio ule ule ambao kitani hujigeuzia. Kwa hivyo mkono wa fundi haukupingana na maumbile ya mmea.

Pia katika pwani yetu

Katika pwani ya Afrika Mashariki, zao lililosokotwa lilikuwa pamba. Wanaakiolojia waliochimbua Shanga katika kisiwa cha Pate, na Kilwa nchini Tanzania, wamepata visahani vya pia vilivyotengenezwa kwa vigae. Chungu kilipovunjika, mtu aliokota kigae, akakisugua pembezoni hadi kikawa mviringo, kisha akatoboa tundu katikati. Tundu hilo lilihitaji kuwa katikati hasa. Likienda upande hata kidogo, pia huyumba, na uzi hutoka mnene mahali pamoja na mwembamba pengine.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu mnamo 1331, aliandika kwamba vitambaa vilivyofumwa mjini humo havikuwa na mfano na vilisafirishwa hadi Misri na kwingineko. Ina maana kuwa nchi iliyokuwa imesokota kitani kwa maelfu ya miaka ilikuwa ikinunua nguo kutoka kwa wafumaji wa pwani ya Afrika Mashariki.

Katika karne ya 19, pwani yetu ilifurikwa na nguo za viwandani, hasa ile ya pamba iliyoletwa na wafanyabiashara kutoka Marekani na ambayo hadi leo huitwa merikani. Mashine ilisokota kwa saa moja uzi ambao mikono ingeuhitaji kwa siku nyingi. Pia zikawekwa kando, na vizazi vilivyofuata vikalijua neno pia kwa ule mchezo wa watoto pekee.

Uzi uliofichwa ndani ya mpira

Tukigeukia kriketi, tunakutana na uzi tena. Mpira wa kriketi ukipasuliwa, katikati mna kokwa la gamba jepesi la ule mti unaotengenezewa vizibo vya chupa. Kokwa hilo huzungushiwa uzi unaokazwa sana, kisha hufunikwa kwa ngozi iliyoshonwa. Mshono huo husimama juu kidogo ya ngozi na kuuzunguka mpira mzima kama mshipi. Sheria za mchezo zinautaka mpira mpya wa wanaume uwe na uzito wa kati ya gramu 155.9 na 163, na mzingo wa kati ya sentimita 22.4 na 22.9.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, mrushaji husimama upande mmoja wa njia yenye urefu wa mita 20.12. Upande wa pili husimama mpigaji akilinda vijiti vitatu vinavyoitwa wiketi. Kwa kawaida mpira hudunda chini mara moja kabla ya kumfikia mpigaji. Warushaji wa kasi huweza kuuvurumisha kwa zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Mrushaji wa msokoto huutuma kwa kilomita 70 hadi 100 tu, lakini huutuma ukizunguka.

Zipo njia kuu mbili za kuusokota. Ya kwanza ni ya vidole, ambapo kidole cha shahada huuvuta mshono wakati mpira unapoachiliwa. Ya pili ni ya kifundo cha mkono, ambapo kifundo hukunjuka ghafla huku kidole cha pete kikiusukuma mshono. Njia hii ya pili ni ngumu zaidi kuimudu, ila huupa mpira mzunguko mkali. Mzunguko wa mara 2,000 kwa dakika si jambo geni kwa warushaji hodari.

Tuchukue mfano. Mpira unaokwenda kwa kilomita 80 kwa saa huchukua takriban sehemu saba za kumi za sekunde kusafiri mita 16 kabla ya kudunda. Ukiwa unazunguka mara 2,000 kwa dakika, utakuwa umezunguka mara 23 hivi kabla ya kugusa ardhi. Wakati huo ngozi yake inakwenda kwa kasi ya takriban kilomita 27 kwa saa kuuzunguka mhimili.

Safari ya hewani

Mwaka wa 1672, Isaac Newton aliandika kuwa alikuwa ameuona mpira wa tenisi ukipinda hewani baada ya kupigwa kwa upande. Takriban miaka 180 baadaye, mnamo 1852, mwanafizikia Mjerumani Heinrich Gustav Magnus alifanya majaribio kuhusu vitu vinavyozunguka katika mkondo wa hewa, akiwa na haja ya kuelewa mbona makombora ya mizinga yalikengeuka. Hali hiyo imepewa jina lake.

Maelezo yake ni haya. Mpira unaozunguka huikokota hewa iliyo karibu na ngozi yake. Upande ambao ngozi inakwenda pamoja na mkondo wa hewa, hewa huambatana na mpira kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuachana nao. Upande wa pili, ambapo ngozi inapingana na mkondo, hewa huachana nao mapema. Matokeo ni kwamba hewa inayotoka nyuma ya mpira husukumwa upande mmoja, nao mpira husukumwa upande wa pili.

Mrushaji hutumia hali hii kwa namna mbili. Mpira ukizunguka kuelekea mbele, husukumwa chini na kudunda mapema kuliko mpigaji alivyotarajia. Mpigaji aliyekwisha kupiga hatua kuufuata hujikuta hajaufikia. Ukizunguka kwa ubavu, husukumwa kando ukiwa hewani na kumhadaa mpigaji kuhusu mahali utakapotua.

Mpira unapogusa ardhi

Hatua ya mwisho ni ya msuguano, kama ilivyo katika bakuli la Misri. Mpira unapodunda, ngozi na mshono wake huikwaruza ardhi. Ardhi hujibu kwa kuusukuma mpira kuelekea kinyume cha mkwaruzo huo, na sehemu ya mzunguko hugeuka kuwa mwendo wa kando. Mshono ulioinuka huishika ardhi vyema kuliko ngozi laini. Ndiyo maana mechi ndefu za siku tano huwapendelea warushaji wa msokoto katika siku za mwisho, wakati uwanja umekauka, umepasuka na kuchimbwa na viatu vya wachezaji.

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni wa Juni 4, 1993, katika uwanja wa Old Trafford jijini Manchester. Shane Warne wa Australia, aliyefariki mwaka wa 2022, alimrushia Mike Gatting wa Uingereza mpira wake wa kwanza katika mfululizo wa mechi za Ashes. Hewani, mpira ulielea kuelekea upande wa miguu ya Gatting na kutua nje ya wiketi. Ulipodunda, uligeuka kwa ukali kurudi upande wa pili, ukalipita gongo lake na kugonga kijiti cha mbali. Gatting alibaki amesimama akiitazama ardhi. Katika mpira huo mmoja, hewa iliuvuta upande huu na ardhi ikaurejesha upande ule, na mzunguko uliozaa yote mawili ulikuwa mmoja.

Fauka ya hayo, mwili wa mrushaji nao una nafasi yake. Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka, aliyestaafu mechi za Test mwaka wa 2010 akiwa na wiketi 800, idadi ambayo haijafikiwa na mwingine, alizaliwa na kiwiko kisichonyooka kikamilifu. Mjadala kuhusu urushaji wake uliwalazimu wasimamizi wa mchezo kupima kisayansi mikono ya warushaji. Ikabainika kuwa karibu kila mrushaji hukunjua kiwiko kwa kiasi fulani, na kikomo cha nyuzi 15 kikawekwa kwa wote.

Kenya na msokoto wa 2003

Wakenya wanayo kumbukumbu yao. Mnamo Februari 24, 2003, Kenya iliicharaza Sri Lanka kwa mikimbio 53 katika Kombe la Dunia, kwenye uwanja wa Gymkhana, Nairobi. Shujaa wa siku hiyo alikuwa Collins Obuya, mrushaji wa kifundo cha mkono, aliyezoa wiketi tano kwa mikimbio 24. Waliokuwa wakimkabili walilelewa katika nchi ya msokoto, lakini hawakuweza kuusoma mkono wake.

Wiki tatu baadaye, Machi 15, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa amestaafu kisha akaombwa arejee, aliwakabili mabingwa Australia mjini Durban. Katika mirusho 50 alitoa mikimbio saba pekee na kutwaa wiketi tatu, ikiwemo ya nahodha Ricky Ponting. Australia ilishinda mechi hiyo, lakini Karim ndiye aliyetangazwa mchezaji bora. Mpira wake haukugeuka sana. Silaha yake ilikuwa kubadilisha mwendo na kuudondosha mpira pale mpigaji asipotaka.

Kenya ilifika nusu fainali ya mashindano hayo. Miaka iliyofuata haikuwa ya fanaka. Obuya alikuja kujulikana zaidi kama mpigaji kuliko mrushaji, na mwaka wa 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Hakuna mrushaji mwingine wa kifundo kutoka nchini aliyefikia kilele kile cha 2003.

Elimu inayokaa vidoleni

Ujuzi hauzeeki, walisema wahenga. Hata hivyo, ujuzi wa vidole huweza kufa ukiwa bado kijana, kwa sababu haukai vitabuni. Kanuni ya Magnus inaweza kufundishwa kwa dakika kumi ubaoni, lakini mwanafunzi aliyeielewa bado hatajua jinsi ya kukunja kifundo ili mpira utoke ukivuma. Sharti asimame karibu na mtu anayejua, atazame, ajaribu, akosee mara elfu na arekebishwe.

Mabakuli ya Misri yanatupa ushahidi wa jambo hilo. Vyombo vilidumu zaidi ya miaka 3,000 vikiwa vizima, lakini waliojua matumizi yake walipotoweka, wataalamu walihitaji kuchunguza mikwaruzo midogo na michoro ya makaburini ili kuyatambua upya. Vigae vya Shanga na Kilwa navyo vimo katika hifadhi, vikiwa na matundu yake katikati, bila mkono wa kuvizungusha.

Warushaji walioiletea Kenya sifa mwaka wa 2003 wangali na elimu hiyo vidoleni mwao. Iwapo watapewa vijana wa kuwafundisha, pamoja na viwanja na mipira, mkono utaufundisha mkono mwingine kama ilivyokuwa kwa wasokotaji wa kale. Wasipopewa, vitabu vya kumbukumbu vitasema walizoa wiketi ngapi, na havitasema walizizoaje.